Mhariri, virusi havionekani ila sukari ilikuwa 19

Mhariri, kama we ni mkubwa kwangu shikamoo, kama ni kijana basi marahaba. Naomba kaeneo kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu, ukikata kata pa kukata ila lile la tarehe za kliniki niachie.

Mimi ni mama wa miaka 52, nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, miaka ishirini na kitu sasa, na naishi na VVU, nilijijua 2007. Jina nimekuwekea pembeni usilitoe, sio kwamba naona aibu, hapa sokoni wanaojua wanajua na wamechoka kusema, ila nina binti yuko kwenye umri wa kuposwa na mambo ya wakwe unayajua mwenyewe.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni kwamba kila ikikaribia Desemba mosi magazeti yanajaa habari zetu, maambukizi mapya, kupima, kufubaza virusi, kondomu, sawa yote ni ya kweli. Ila hamna anayetuandika sisi wa zamani, tuliokunywa dawa miaka kumi na nane hatujafa, tumezeeka nazo, tumenenepa nazo, na sasa hivi kinachotutafuta sio UKIMWI tena, ni sukari na presha. Mi mwenyewe nisingejua kama sio kidole cha mguu.

Ngoja nianzie mbali kidogo. 2007 ilikuwa hupewi dawa mpaka CD4, yaani kinga ya mwili, ishuke chini ya 200, yaani unaambiwa unao alafu unaambiwa nenda nyumbani kasubiri uumwe vizuri. Mi nilikuwa na 143 kwaiyo nikaanza siku hiyo hiyo. Nikaanzishwa zile zenye d4T, dawa ya zamani ya VVU inaitwa pia stavudine. Waliozinywa wanazikumbuka, miguu inawaka moto usiku mpaka unaitoa nje ya shuka, mashavu yanabonyea, makalio yanapotea, mafuta yote yanahamia tumboni na wengine nyuma ya shingo wanatoa nundu. Ukikutana na mtu kwenye daladala ya Igoma mnaangaliana mashavu tu mnajuana, hamna haja ya kusalimiana. Zilituokoa sikatai, ila zilitupiga chapa. Shirika la Afya Duniani likaja kusema 2009 nchi ziziondoe pole pole, na sisi tukahamishwa. Nikapitia za efavirenz zenye ndoto za ajabu (niliwahi kuota nauza dagaa juu ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, wateja wote ni nyani), alafu kuanzia 2019 ndo ikaja hii ya sasa, kidonge kimoja kwa siku, tenofovir, lamivudini na dolutegravir humo humo, wenyewe tunaiita TLD. Dawa nzuri hii. Haina ndoto, hainichomi miguu, na virusi vyangu havionekani kwenye kipimo mwaka wa sita huu.

Na hapo ndo nilipoanza kunenepa. Nilikuwa kilo 61, nikaenda 68, 75, mpaka 84. Wewe Mhariri ukisikia hivo unaweza kusema huyu mama si angeshtuka, asa sikiliza nikwambie kwa nini sikushtuka na kwa nini hamna aliyenishtua.

Huku kwetu ziwani huu ugonjwa uliingia mapema. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera 1983, ng'ambo tu hapo, na kabla watu hawajajua kuna kirusi waliuita Juliana, wengine wakauita slim, jina la Uganda hilo, maana mtu alikuwa anakauka anabaki macho. Jina lenyewe la ugonjwa lilikuwa kukonda! Mi nilikuwa binti mdogo ila nawakumbuka waliokuwa wanarudishwa kutoka visiwani wamelazwa kwenye mtumbwi wamefunikwa kanga, hawana uzito hata wa gunia la mkaa. Kwaiyo mtu wa hapa ukimwambia apungue unamwambia kitu gani? Kunona ndo ushahidi kwamba huna, au unao ila umeshinda. Nilivofika kilo 80 wenzangu sokoni wakawa wananiambia umenawiri mama, hela ya dagaa imekubali, na mimi nikawa natembea kifua mbele nimevaa gauni la kubana. Kitambi changu kilikuwa cheti changu.

Na kliniki nako hivo hivo. Kila ukienda CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, lazima upande mzani, nesi anaandika kwenye kadi. Mara zote nilizopanda, mzani unapanda na mimi napanda, nesi anasema "vizuri sana mama, tunaendelea vizuri". Simlaumu yule binti, alifundishwa kuogopa mzani ukishuka. Ukishuka kilo tatu unakalishwa, unaulizwa unameza dawa? unakohoa? unatoka jasho usiku? Ukipanda kilo ishirini na tatu unapongezwa.

Sasa kidole. Nilijikwaa kwenye msumari wa kichanja cha dagaa, kidonda kidogo tu kama harage. Wiki ya kwanza hakijapona, ya pili, ya tatu kikaanza kunuka, na dagaa wananuka kwaiyo sikujua ni kipi kinanuka. Na hapo nilikuwa nakunywa maji kama samaki, usiku naamka kukojoa mara nne mara tano, nikasema ni jua hili, ukikaa juani unaanua dagaa toka saa mbili si lazima kiu ikushike. Nikaenda kituo kimoja cha afya, kijana akanidunga kidole akaweka damu kwenye kile kijimashine, kikaandika 19.4. Akarudia kidole kingine. 19.6. Akaniuliza mama umekunywa soda njiani, nikamwambia sijanywa hata chai. Akanipima na presha, 168 kwa 102. Nikamuuliza inatakiwa ngapi, akasema sukari kabla hujala isifike 7, na presha isifike 140 kwa 90. Nilikaa pale benchi nikawa najiuliza swali moja, huko CTC nimeenda miaka yote hii wananitoa damu ya virusi, ina maana hamna aliyewahi kunidunga hiki kidole? Kumbe hamna. Labda mara moja nilivoanza, sikumbuki.

Alafu hapa na mimi nina kosa langu nalisema. Nilipelekwa kwenye kliniki ya sukari, jengo jingine, siku nyingine, faili jingine, na daktari aliponiuliza kuna dawa zingine unatumia nikasema hamna. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisani kwetu amekaa kiti cha nyuma yangu pale na mlango uko wazi, ningesemaje? Nikaandikiwa metformin, nikaanza kidogo alafu zikaongezwa mpaka gramu moja asubuhi na gramu moja jioni. Mungu wangu. Tumbo lilivurugika nikawa siwezi kukaa mezani kwangu, namwachia jirani aniuzie, naharisha, kichefuchefu, chakula sikitaki. Nikasema basi hii sukari ndo inaniua.

Aliyenisaidia ni huyu huyu binti yangu, anasomea famasia mwaka wa tatu. Aliporudi likizo akaviona vidonge vyangu vyote viwili kwenye kikapu, akaniangalia, akasema "mama, umewaambia unakunywa TLD?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba dolutegravir inazuia metformin isitoke mwilini kupitia figo kama inavotakiwa, kwaiyo inajaa kwenye damu, ukinywa gramu mbili mwili unaona kama umekunywa zaidi, ndo maana ukiwa na TLD metformin isizidi gramu moja kwa siku nzima. Gramu moja kwa siku Mhariri, mi nilikuwa nakunywa mbili, na sio kosa la daktari, nilimdanganya. Nilirudi nikamwambia ukweli kwa kumwandikia kwenye karatasi, akasoma, akaikunja akaweka mfukoni, akapunguza dozi. Tumbo likatulia ndani ya wiki. Aliagiza pia nipimwe figo, kwa sababu tenofovir peke yake inatakiwa figo ziangaliwe, na sukari inakula figo, na presha inakula figo, mimi nilikuwa nazo zote tatu.

Sasa kwa nini sisi tunapata haya mambo, nilimuuliza binti anieleze kama anavomweleza mtu wa sokoni. Akasema ni mengi yamekutana. Kirusi hata kikifubaa bado mwili unakuwa kama umewasha moto mdogo ndani hauzimiki, ule moto unachosha mishipa ya damu. Zile dawa za zamani kama d4T ziliharibu namna mwili unavotunza mafuta, na alama zake zingine hazitoki. Hii mpya inaongeza uzito, Afrika Kusini walifanya utafiti Johannesburg matokeo yakaanza kutoka 2019, waliokuwa na mchanganyiko kama wetu wakaongezeka kama kilo 4 kwa karibu miaka miwili, waliopewa efavirenz kama kilo 2, na wanawake wakawa wanaongezeka kuliko wanaume. Ila akanionya, mama usiseme dawa imekupa kilo ishirini na tatu, dawa imekupa chache, nyingine umejipa mwenyewe. Nilinuna siku nzima.

Ila ni kweli. Mi naishi Bugarika kule juu kwenye mawe, zamani nilikuwa napanda ule mlima na ndoo kichwani mara mbili kwa siku. Sasa hivi boda inanifikisha mlangoni. Asubuhi chai vijiko vinne na vitumbua vitatu, saa nne soda ya baridi maana jua, na chupa ya kawaida ya soda ina sukari kama vijiko tisa vya chai, mi nilikuwa nakunywa mbili. Mchana ugali wa udaga mlima wenye kivuli chake na sangara wa kukaanga kwenye mafuta yaliyokaanga toka juzi. Jioni chipsi mayai kwa sababu nimechoka kupika. Alafu kwenye ukuta wa kliniki wamebandika picha ya vyakula vya mgonjwa wa sukari, kuna epo, kuna zabibu, kuna mkate wa kahawia umekatwa slesi. Nani anakula epo Mwaloni? Waweke sato wa kuchemsha na nyanya, waweke dagaa, mlenda, msusa, mchicha, na waweke picha ya tonge, waonyeshe tonge ngapi. Mi nilivoelewa ni hivo, sahani nusu yake iwe majani, ugali uwe robo, dagaa robo, chai bila sukari (wiki mbili za kwanza ni mateso alafu unazoea), na boda inishushe chini barabarani mlima nipande mwenyewe.

Miezi saba nikashuka kutoka 84 mpaka 76. Sukari asubuhi ikawa inacheza 6 na 7. Kidonda kilifunga. Ningetakiwa kufurahi si ndio?

Siku moja jioni naanua, akaja shoga yangu, tumeuza naye toka tukiwa na meza za mbao. Kashika chupa ya uji wa ulezi. Kakaa, hajasema kitu, kanimiminia kikombe, alafu kaniinamia sikioni, "shoga, umeacha dawa?" Nikamwambia sijaacha. Akasema niambie mimi, watu wanasema. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya karatasi ya majibu ya virusi, akaangalia akasema hizi namba mi sizijui, ila shingo yako naiona. Akaniwekea sukari kwenye uji vijiko vitatu, kwa upendo kabisa, na mimi nikaunywa wote Mhariri, ningekataaje. Wiki ile watu wanne waliniuliza kama naumwa, mteja mmoja wa siku nyingi wa Shinyanga akahamia meza ya tatu. Nikarudi kula. Nakiri, nikapanda kilo tatu makusudi ili wanyamaze.

Hili halimo kwenye somo lolote nililosikia kliniki. Wanakwambia punguza uzito kama vile uzito ni wako peke yako. Wanaume ndo kabisa, nina jirani mvuvi, anakaa kisiwani Kome mwezi mzima, presha yake inapigana na 180, anasema bora afe na kitambi kuliko akonde waseme amekanyaga miwaya, yaani kapata VVU, na keshaikanyaga zamani! Anaificha kwa mwili.

Na kuna mwingine, huyu ananiuma, alisikia hizi habari za TLD kuongeza sukari akaacha kumeza. Miezi minne. Akarudi na kifua kikuu. Ndugu msomaji kama unameza usiache, sukari ya 19 imeshuka kwa vidonge na mlima wa Bugarika, ila virusi vikipanda mlima hauvishushi. Kama una wasiwasi sema kule unakochukulia dawa, wao ndo wanajua kama kuna cha kubadilisha.

Sasa lile la tarehe. Dawa za VVU napewa za miezi sita, bure, naenda CTC mara mbili kwa mwaka. Serikali na wafadhili waliliona hili, wakasema mtu ametulia asisumbuke. Safi. Ila kidonge cha presha na cha sukari naenda kila mwezi, jengo jingine, foleni ya saa kumi na moja alfajiri, na mara nyingi naambiwa dawa hakuna kanunue, mwezi hauishi elfu ishirini haijatoka. Mwezi dagaa wamekuwa haba kwa sababu ya mbalamwezi au ziwa limechafuka, unafikiri naruka ipi? Siruki ya bure. Naruka ya presha. Na wenzangu wanaruka, tunajuana. Tutakuja kuanguka na kiharusi mezani kwetu virusi vikiwa havionekani, na kwenye ripoti tutaandikwa tumefanikiwa.

Haiwezekani vikawa sehemu moja? Binti kanionyesha, walishajaribu Tanzania na Uganda, vituo 32, watu zaidi ya 7,000, NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, ilikuwemo, wakaweka wenye VVU, wenye sukari na wenye presha kwenye kliniki moja, foleni moja, daktari huyo huyo. Majibu yalitoka 2023 kwenye jarida la Lancet, watu wengi walibaki kwenye huduma na virusi vya wenye VVU havikupanda. Na mi naona kuna faida nyingine, ukikaa foleni moja na mwenye sukari tu, hamna anayejua nani kaja na nini. Yule mama wa kanisani angenikuta pale na asingejua, na nisingedanganya, na nisingeharisha mwezi mzima.

Najua hela imekuwa ngumu, toka Marekani isimamishe misaada Januari 2025 hata sisi huku tumeona, WAVIU washauri, yaani wenzetu wanaoishi na VVU, waliokuwa wanatupigia simu za kutukumbusha tarehe wengine hatuwaoni tena. Sisemi wajenge jengo. Nasema yule nesi anayenipandisha mzani, pembeni yake awe na kile kijimashine cha sukari na mashine ya presha yenye betri nzima, na faili iwe na mstari wa kuandika. Mzani ukipanda kilo tano aulize kama anavouliza ukishuka. Na nikipewa dawa za miezi sita, za presha ziwemo kwenye mfuko huo huo.

Kwa upande wetu hapa Mwaloni tumeanza kitu kidogo. Nina futi ya fundi cherehani, iko chini ya meza kwenye kopo la chumvi. Mchana biashara ikipoa tunapimana viuno, wenye VVU na wasio nao, haulizwi mtu, tumesema mwanamke akipita sentimita 80 anatafuta pa kudungwa kidole. Mwanzo walikuwa wananicheka, mmoja akasema unatupima tunashonewa sare gani. Mpaka jana tumepimana kumi na moja, waliopita 80 ni tisa, mmoja kafika 112 na akashangilia kwanza kabla hajaelewa. Watatu walienda kupima, mmoja karudi na 13.

Shoga yangu wa uji naye kaja kupimwa, ana 97. Nilimwambia uji wa ulezi tutaendelea kunywa ila vijiko atoe. Tarehe yangu ya CTC ni mwezi ujao, safari hii nimemwambia tunaenda wote, anishikie kadi zangu mbili na mimi nimshikie kikapu, na nesi akiniambia vizuri sana mama ntamwuliza vizuri wapi.

Mama Muuza Dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza.